Mwongozo kamili wa kumwaga kokoto relini kwa injini ya mvuke

Njia ya reli ikikaa sawa, sifa ni za kokoto. Reli zimefungwa kwenye mataruma, yaani mihimili inayolala kukatiza chini yake, mataruma yamelala juu ya mawe, na mawe hayo ndiyo yanayoubeba uzito wa treni, kuyapitisha maji ya mvua na kuyazuia mataruma yasiteleze huku na huko. Kila treni inapopita, mawe husuguana kidogo na kulika. Vumbi lake hujaza nafasi za kupitishia maji, na baada ya miaka kadhaa njia huanza kubonyea. Hapo hakuna dawa nyingine: zinaletwa kokoto mpya, njia inainuliwa, inashindiliwa.

Mwongozo huu unafuata kazi hiyo kama inavyofanyika kwenye reli za urithi za Uingereza, yaani reli za zamani zinazoendeshwa ili zisipotee. British Railways, shirika la reli la taifa wakati huo, iliacha kuendesha njia zake kuu kwa mvuke Agosti 1968, lakini reli za urithi, kuanzia Talyllyn ya Wales iliyochukuliwa na watu wa kujitolea mwaka 1951, zimezihifadhi injini hizo na zinaendelea kuzitumia. Matengenezo ya njia hufanywa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa hawajawahi kuajiriwa na shirika lolote la reli. Mtu anayeishi huko na kupenda treni anaweza kujiunga na gengi la njia, na wewe unayesoma ukiwa Voi au Morogoro utaitambua kazi yenyewe, maana mawe ni mawe. Jambo moja tu nilisisitize mapema: regileta ya injini (vali inayopeleka mvuke kwenye silinda) na milango ya behewa la kokoto haviguswi na mtu ambaye hajafundishwa na kupitishwa na reli husika.

Kutembea njia kabla ya yote

Kazi huanza kwa miguu, siku kadhaa kabla ya treni kuja. Tembea kipande chote kinachohitaji mawe, na tembea polepole. Reli nyingi za urithi bado zina vipande vya reli vya futi 60, yaani mita 18 na kidogo, vilivyounganishwa kwa vyuma na boliti, na ubovu huanzia kwenye viungio hivyo. Gurudumu hukigonga kiungio, taruma la chini yake hushuka, na gurudumu linalofuata hukigonga zaidi. Tafuta vumbi jeupe lililotapakaa kuzunguka taruma: ni mawe yanasagana kwa sababu taruma linacheza. Ukiona tope limerukia juu ya mataruma, ubovu umeshafika chini, maji hayana pa kwenda, na kila treni inalisukuma tope juu.

Mahali penye tope usimwage chochote bado. Kokoto safi juu ya tope ni mali iliyotupwa, maana tope litapanda tena kabla mwaka haujaisha. Chimba kwanza, toa uchafu hadi uone ardhi ngumu, zibua mfereji wa pembeni, ndipo uweke pale kwenye orodha ya kumwagiwa. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ni hatua inayorukwa mara nyingi. Kuchimba kunachosha na hakuonekani, ilhali treni ya kokoto inavutia macho.

Unapotembea, andika pia kila kitu ambacho hakitakiwi kuguswa na jiwe: pointi (mahali njia moja inapogawanyika kuwa mbili), waya na fito za ishara, vivuko vya barabara, madaraja yasiyo na kokoto, mabomba ya maji, kingo za majukwaa. Weka alama ya rangi kwenye taruma mita 10 kabla ya kila kizuizi na nyingine mita 10 baada yake. Mtu anayesimama juu ya behewa linalotembea hana muda wa kusoma karatasi. Ataisoma rangi.

Hesabu ya mawe

Watu hukisia, na makisio huzaa ama mashimo ama vichuguu. Hesabu yake si ngumu. Taruma la mbao la Uingereza lina urefu wa karibu mita 2.6. Ongeza sentimita 30 za bega la kokoto kila upande, unapata upana wa mita 3.2. Ukitaka kuinua njia sentimita 5, kila mita ya njia itahitaji meta za ujazo 0.16. Kokoto zilizomwagwa zina uzito wa karibu tani 1.5 kwa kila meta ya ujazo, kwa hiyo kila mita inataka takriban robo tani. Kama vyumba kati ya taruma na taruma navyo vimepungua kwa sentimita 10, ongeza robo tani nyingine.

Sasa chukua behewa linaloitwa Dogfish, ambalo utalikuta karibu kila reli ya urithi iliyo na vifaa vyake. (Mabehewa ya kazi ya British Railways yalipewa majina ya viumbe wa majini: Catfish, Mermaid, Sealion, Grampus na mengineyo.) Dogfish lina magurudumu manne na hubeba tani 24. Kwa robo tani kwa mita, behewa moja linatosha karibu mita 100. Mabehewa manne ni mita 400, na hiyo ni kazi ya kutosha sana kwa siku moja ya gengi dogo, kwa sababu kila jiwe litakalomwagwa litahitaji baadaye mkono wa kulipanga.

Mawe yenyewe yawe magumu, yaliyopasuliwa, yenye kingo kali. Granite ya milimita 28 hadi 50 ndiyo inayopendwa. Mawe ya mtoni, hata yakiwa bure, yakatae. Ni ya mviringo, huteleza moja juu ya jingine, na njia haishiki.

Kuandaa mabehewa

Mabehewa ya kokoto hukaa bila kazi kwa miezi, mengi nje kwenye mvua, halafu siku moja yanatakiwa yafanye kazi bila kasoro. Yakague kabla hayajapakiwa, kwa sababu mlango uliokwama ukiwa na tani 24 juu yake hutauzibua kirahisi.

Dogfish lina jukwaa dogo kwenye ncha moja ya behewa, na juu yake magurudumu matatu ya mkono. Moja hufungua mdomo wa kati, unaomwaga katikati ya reli mbili, na mengine mawili hufungua midomo ya pembeni inayomwaga nje ya reli, kushoto na kulia. Zungusha kila gurudumu hadi mwisho na urudishe. Paka grisi penye meno na penye mhimili. Angalia kama mlango unafunga kabisa, maana jiwe moja lililobaki mdomoni tangu kazi iliyopita linatosha kuacha mwanya, na behewa litadondosha mawe njiani kote, juu ya pointi na vivuko ulivyokusudia kuvilinda.

Pima breki. Mabehewa haya hutumia breki za vakyumu, yaani zinazofanya kazi kwa kunyonya hewa kutoka kwenye mabomba, na mipira yake huchakaa yakikaa. Unganisha, vuta vakyumu hadi inchi 21 za zebaki kwenye kipimo, funga, kisha tazama sindano inashuka kwa kasi gani. Ikishuka upesi, tafuta panapovuja.

Mwishoni mwa treni linakaa behewa la breki aina ya Shark. Gadi hukaa humo, na chini yake kuna plau za chuma, moja kila ncha ya behewa, zinazoteremshwa kwa gurudumu la mkono ili kusawazisha mawe yaliyorundikana relini. Hakikisha plau inapanda hadi juu kabisa na kufungwa kwa pini. Plau iliyoning'inia ikikutana na pointi huvunja vyote viwili.

Wakati wa kupakia kwa trekta, mawe yagawanywe sawa kushoto na kulia. Mawe makavu yarushiwe maji, kwa kuwa vumbi la granite lina silika inayoharibu mapafu, na barakoa peke yake haitoshi. Ila wakati wa baridi kali usimwagie maji halafu ukaliacha behewa lilale usiku kucha, kwani asubuhi utakuta bonge moja la mawe na barafu.

Na hili lisivunjwe kamwe: hakuna mtu kuingia ndani ya behewa lenye kokoto. Mawe yakigoma kushuka, gonga kuta kwa nje au tumia mtaimbo ukiwa nje, treni ikiwa imesimama na breki zimefungwa. Mlango ukifunguka, mtu aliye juu ya mawe huzama nayo.

Injini

Mara nyingi dizeli ndogo hupewa kazi hii, na si kwa bahati mbaya: haihitaji saa kadhaa za kuwasha moto. Lakini injini ya mvuke ina uwezo wa kutembea mwendo wa mtu anayetembea, kwa nguvu kubwa na bila kushtuka, na hicho ndicho kokoto zinachotaka. Chagua injini fupi isiyo na behewa la makaa nyuma yake, inayobeba maji yake mwilini, ili dereva aone pande zote mbili. Zile za Austerity, zilizosanifiwa na kiwanda cha Hunslet cha Leeds na kuanza kuundwa mwaka 1943 kwa ajili ya jeshi, zinafaa sana. Zina magurudumu sita madogo yenye kipenyo cha futi 4 na inchi 3, tani 48, na uzito wote unakaa juu ya magurudumu yanayosukuma.

Kazi ya mchochea moto siku hiyo ni tofauti na ya treni ya abiria. Injini inayopanda mlima huvuta hewa kwa nguvu na moto huwaka wenyewe. Injini inayotambaa haivuti hewa ya kutosha, kwa hiyo moto hulala, kisha ghafla huamka wakati hauhitajiki. Andaa moto mzuri, uliowaka sawasawa, kabla ya kufika mahali pa kazi, halafu ongeza makaa kidogo kidogo. Blowa, bomba la mvuke linalovuta hewa ya moto kuelekea bombani mwa moshi, iwe wazi kidogo muda wote, hasa regileta inapofungwa, la sivyo miali hurudi kupitia mlango wa tanuri na kumchoma aliye mbele yake. Maji kwenye kioo cha kupimia maji ya boila yakae karibu robo tatu. Yakizidi sana, maji huingia kwenye silinda pamoja na mvuke.

Presha ya Austerity ni pauni 170 kwa inchi ya mraba. Siku ya kokoto ishikilie kwenye 150 na kitu, usiiache ifike juu. Vali ya usalama ikifumuka, kelele yake humeza kila sauti, na mtu aliye chini akipiga kelele ya kusimamisha treni hatasikika.

Kisha kuna vali za kutolea maji kwenye silinda. Dereva yeyote huzifungua injini ikianza kuondoka baada ya kusimama, na mvuke wa moto hurushwa pembeni, usawa wa miguu. Kwenye stesheni hapasimami mtu pale. Kwenye kazi ya kokoto wanasimama watu, na macho yao yako kwenye mawe. Kwa hiyo kabla ya kila kuondoka: honi fupi, dereva atazame upande wake, mchochea moto upande wake, kila mmoja aseme wazi kwamba kuko shwari, ndipo vali zifunguliwe. Injekta, kifaa cha kuingiza maji kwenye boila, nayo hutema maji ya moto inapoanza, iangaliwe vivyo hivyo.

Majivu yasimwagwe juu ya njia kabisa. Majivu ni unga, na unga ndio uliotuleta hapa. Isitoshe, makaa yenye moto yakidondoka juu ya mataruma ya mbao siku za kiangazi, gengi litageuka kuwa zimamoto. Kwetu Afrika Mashariki tatizo hili halikuwepo kwa injini kubwa za Garratt za daraja la 59, zilizoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester katikati ya miaka ya 1950, maana zilichoma mafuta mazito. Moja yao, namba 5918 iliyopewa jina la mlima Gelai wa kaskazini mwa Tanzania, ipo kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na inastahili kutembelewa. Hata mataruma yetu ya njia ya mita (yenye upana wa mita moja kati ya reli) yalikuwa kwa wingi ya chuma, si mbao.

Kufunga njia

Njia ifungwe kwa kibali rasmi, na mtu mmoja awe na mamlaka juu ya kipande chote. Kwenye mipaka huwekwa ubao mwekundu na fataki 3 za relini, zikiachana mita 20, ili dereva aliyepitiliza ashtuliwe kwa mlipuko. Kisha kaeni pamoja, dereva, mchochea moto, gadi, wamwagaji na gengi, mpitie mpango: wapi mnaanza, wapi mnaishia, behewa lipi la kwanza, vizuizi viko wapi.

Muhimu kuliko yote ni kukubaliana nani anampa dereva ishara. Ni mtu mmoja tu. Wengine wote wana ishara moja, ya kusimama, na hiyo kila mtu ana haki ya kuitoa: mikono miwili juu ya kichwa, au taa yoyote inayopungwa kwa nguvu. Mtoa ishara atembee upande ambao dereva anamwona, na kwenye kona awe upande wa ndani. Asipoonekana, treni isimame. Moshi ukishuka chini na kufunika njia, treni isimame pia.

Kumwaga

Anza na behewa la nyuma kabisa. Behewa la kwanza ndilo linalokuonyesha mawe ya siku hiyo yanashuka kwa kasi gani, na likiwa la mwisho, kinachopita juu ya kosa lako ni Shark peke yake.

Treni itembee kwanza, mlango ufunguliwe baadaye. Dereva aweke gia karibu mwisho wa mbele, regileta aifungue kwa unyoya tu, na avute breki kidogo sana ili minyororo kati ya mabehewa ibaki imekazwa. Treni ikinyooka na kulegea kama nyungunyungu, mawe yatamwagika kwa vilima na mabonde. Mwendo uwe kilomita 3 kwa saa, yaani mita 50 kwa dakika. Kwa hesabu yetu ya mita 100 kwa behewa, mawe yanatakiwa yaishe kwa dakika mbili. Yakishuka polepole kuliko hapo, ama punguza mwendo ama fanya mizunguko miwili. Mimi napendelea mizunguko miwili, kwa sababu mawe machache huongezwa, mengi hayarudishwi ila kwa beleshi.

Fungua midomo ya pembeni kwanza, robo ya njia, uangalie. Kisha mdomo wa kati, kwa uangalifu zaidi, maana hapo ndipo palipo hatari. Kokoto za katikati zikipita usawa wa kichwa cha reli, mabehewa yanayofuata hupanda juu yake na kuacha njia, na behewa tupu huacha njia kirahisi kuliko lenye mzigo. Anayetembea chini akiona mawe yamefunika reli, aite funga mara moja.

Kabla ya alama ya rangi, anza kufunga ukiwa bado na mita 10, kwa sababu jiwe hubanwa mlangoni na gurudumu la mkono hugoma. Ukibanwa, fungua kidogo, liache jiwe lianguke, funga tena. Usitie mkono.

Treni ikisimama ghafla mlango ukiwa wazi, mawe hurundikana hadi kuuziba mlango na kuzunguka magurudumu. Dereva asijaribu kuvuta. Funga breki, toeni mawe kwa mabeleshi hadi magurudumu na reli vionekane, fungeni mlango, kisha endeleeni. Nusu saa ya beleshi ni nafuu kuliko siku mbili za kulirudisha behewa relini kwa jeki.

Shark inafuata nyuma na plau chini, ikizisukuma kokoto pembeni na kuuacha uso wa reli wazi. Anayeishika plau awe na orodha yake ya mahali pa kuiinua: pointi, vivuko, na kila penye reli za ulinzi upande wa ndani. Plau huinuliwa mapema na kuteremshwa kwa kuchelewa. Mawe machache yatakayobaki, gengi litayafagia.

Kuinua na kushindilia

Treni ikishaondoka, kazi halisi ndiyo kwanza inaanza. Fagia kwanza sehemu zote ambamo ukingo wa gurudumu hupita, na kwenye pointi hakikisha ndimi, zile reli zinazosogea, zinafunga hadi mwisho pande zote mbili. Jiwe moja dogo hapo linatosha kuiangusha treni.

Weka jeki mbili, moja chini ya kila reli, ukianzia karibu na kiungio kilichobonyea. Inua kidogo kuliko unavyotaka, kwa kuwa mawe mapya hushuka. Shindilia kokoto chini ya taruma, kutoka pande zote mbili, kwenye eneo lililo chini ya kila reli. Katikati ya taruma pasishindiliwe kwa nguvu. Taruma likiegemea katikati hukatika mgongo. Kisha pima upana wa njia, milimita 1,435, pima usawa wa reli mbili, na kwenye kona pima jinsi reli ya nje ilivyoinuka. Jaza vyumba hadi usawa wa juu wa mataruma, tengeneza mabega, ukiacha kokoto za ziada pembeni.

Kazi hii isifanywe siku ya jua kali. Mawe yaliyotikiswa hayajashikana, reli imepanuka kwa joto, na njia inaweza kujikunja kama hakuna kinachoizuia.

Kurudisha njia

Anayesimamia atembee kipande chote mwenyewe, ahesabu watu na vifaa, aondoe fataki na ubao, ndipo arudishe kibali. Treni za kwanza zipite polepole, kilomita 16 kwa saa, ingawa mwendo wa kawaida wa reli hizi ni 40. Mabehewa yafungwe midomo, yapakwe grisi siku hiyo hiyo kabla kutu haijaingia, na injini ikatolewe majivu yake kwenye shimo la karakana.

Baada ya treni za wiki ya kwanza, rudi kwenye viungio vilevile ukiwa na kipimo na jeki. Baadhi vitakuwa vimeshuka tena kidogo. Kokoto za ziada ulizoacha begani zinatosha kuvinyanyua bila kuiita treni mara ya pili.